Fundi Aliyeiita Maneti Ikaitika: Papa Straton Dusabimana

Leo, Ijumaa tarehe 28 Februari 2014, Papa Straton Dusabimana, fundi wa Kituo cha Malisho hapa Masisi, anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi. Ukihesabu kwa kalenda zinapungua siku nne, lakini hizo kamati ya kituo imemsamehe. Aliingia tarehe 4 Machi 1985 akiwa na bisibisi mbili, moja yake na nyingine ya kuazima. Anatoka na moja, kwa sababu mwenye ile ya pili alikuja kuichukua mwaka 1998, akamkuta bado ameifunga kwenye kitambaa kama siku aliyoipokea.

Vijana wanaomjua kwa redio wajue kwamba hakuajiriwa kwa ajili ya redio. Mwaka ule kituo kilikuwa na maziwa tu. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mashine za kutenganisha krimu, na alikuwa akitega sikio ubavuni mwa mashine kabla ya kuifungua, kama daktari. Mara nyingi alijua ugonjwa kabla ya kugusa skrubu ya kwanza. Mkuu wa kituo wa wakati huo alipoona hivyo, mwaka 1988 alimkabidhi fonie.

Fonie, kwa wale waliozaliwa baada ya simu za mkononi, ni redio ya kuongea kati ya kituo na kituo. Kila asubuhi saa moja kamili Papa Straton alikaa mbele yake na kuita vituo kimoja kimoja kwa jina, tangu vilima vyetu mpaka misitu ya Walikale. Anayeitwa anajibu, anasema habari zake, ananyamaza. Asiyeitwa hasemi. Wote wakisema pamoja hakuna anayesikika, na ujumbe wa mgonjwa unapotea katikati ya salamu za harusi. Kwa ustaarabu huo Papa Straton aliendesha fonie miaka mingi. Hata nyumbani, Mama Consolée, mkewe, anatuambia kwamba watoto walijifunza kungoja zamu mezani kabla ya kujifunza kusoma.

Kati ya mwaka 1991 na 1995 alitumwa Walikale kusimika fonie mpya. Huko alitembea kwa mguu mpaka machimbo ya Omate, betri ikiwa kichwani mwa mpagazi na yeye akiwa ameshika antena kama fimbo ya askofu. Omate ndipo alipofahamiana na mfanyabiashara kutoka Butembo, Papa Maurice Kasika, aliyekuwa akiwauzia wachimbaji chumvi, tochi na sabuni. Urafiki wao ulianza kwa ugomvi juu ya bei ya betri. Haujaisha, wala ugomvi wenyewe haujaisha.

Redio yetu ilipofunguliwa hapa kituoni mwaka 2004, Papa Straton ndiye aliyepandisha mlingoti. Na vita vilipokaribia mwaka 2008, ndiye aliyeficha mtambo wa kurushia matangazo katika chumba cha kukomazia jibini, katikati ya rafu, umefunikwa kwa kitambaa kama jibini wenzake. Walioingia kutafuta mali walibeba jibini kumi na saba na kuuacha mtambo. Baada ya wiki tatu tulirudi hewani. Mpaka leo ukipata joto unanuka maziwa.

Hayo yote yanatosha kumpa mtu sifa. Lakini kazi ambayo wengi wetu tunamkumbuka nayo aliifanya akiwa na miaka sitini na minne, siku alizotakiwa kuwa anafikiria shamba lake.

Ilianza na mwenzetu Emérita Uwamwezi. Emérita ni mwenyeji wa Bihambwe, na tangu mwaka 2010 ndiye anayehariri sauti hapa redioni. Kila siku saa sita mchana tunatoa matangazo ya kutafutana: mama aliyepotezana na mtoto njiani, mzee aliyebaki nyuma, jamaa waliokimbilia upande huu na upande ule. Watu wanakuja asubuhi kurekodi. Emérita anakata makosa, ukimya na kelele, anapanga sauti moja baada ya nyingine kwenye kompyuta. Katika miaka hii, kazi hiyo si pambo la redio. Kuna familia zilizokutana kwa sababu yake.

Julai 2012 alikuwa nyumbani akimsaidia mama yake kupika jibini wakati milio ya risasi iliposikika kilima cha pili. Mtu wa Masisi anaweza kuacha mlango wazi, anaweza kuacha viatu, lakini maziwa hayaachi jikoni yaungue. Emérita na mama yake waliinua sufuria kubwa kwa haraka ili wakaifiche. Mama aliteleza, na maziwa ya moto yakamwagikia mikono ya binti. Baada ya miezi ya matibabu ngozi ilipona, ila vidole vinne vya kila mkono vilibaki vimekunjamana na kukakamaa. Vidole gumba tu ndivyo vilivyosalia na nguvu zake zote.

Aliporudi kazini mwezi Desemba hakuweza kushika kipanya cha kompyuta, na kwenye kibodi alipiga herufi tatu kwa mara moja. Tangazo moja lililomchukua dakika tano zamani lilimchukua saa nzima. Kamati ilikutana. Mwenyekiti wetu, Papa Hilaire, ni mtu mwema na hakupenda kusema alichosema, lakini alikisema: "Watu wako natafuta watoto yao kila siku. Hatuwezi kungojea vidole ipone." Emérita alipewa muda mpaka wiki ya Pasaka. Ikiwa mpaka tarehe 27 Machi 2013 hangeweza kumaliza matangazo ya siku kabla ya saa sita, kiti chake kingepewa mwingine.

Sasa tuseme habari ya gunia. Papa Kasika alikuwa amefungua kibanda cha michezo kule Omate, ambako wachimbaji walilipa kucheza mpira na mbio za magari kwenye televisheni. Jenereta ilikuwa ikipandisha umeme na kuushusha kama pumzi ya mlevi, na mashine za michezo zikaungua moja baada ya nyingine. Uchimbaji uliposimamishwa alifunga kibanda. Zikabaki maneti kumi na nne, yaani vile vishikizo vyenye vitufe ambavyo mchezaji hushika kwa mikono miwili, vya miaka ya themanini na tisini. Alizitupa kwenye gunia na kumletea rafiki yake akisema, "Kata waya, utapata ya kufungia mbuzi."

Gunia lilikaa chini ya meza ya karakana. Siku moja ya Januari Emérita alikuwa huko akingoja chai ipoe. Alichukua maneti moja bila kufikiria, akaiegemeza kwenye viganja vyake vilivyokunjamana, na gumba zake zikaanza kucheza juu ya vitufe, kulia na kushoto, upesi upesi. Papa Straton aliacha kazi yake. "Mutoto yangu, rudilia tena ile." Emérita alifikiri amevunja kitu. "Hapana, rudilia. Minaona gumba yako iko na akili kuliko mikono yangu yote mbili."

Maneti haihitaji vidole vinane. Aliyeibuni aliibuni kwa ajili ya gumba. Tatizo lilikuwa kwamba kompyuta ya redio ina matundu ya USB, na waya za maneti zile zina plagi pana za zamani ambazo haziingii popote.

Papa Straton alifanya ambalo fundi yeyote wa fonie angefanya: alikata plagi na kuunga waya kwa rangi. Nyekundu na nyekundu, nyeusi na nyeusi, nyeupe na nyeupe. Hilo lilikuwa kosa. Kwenye maneti za zamani kila kiwanda kilichagua rangi zake kilivyopenda, na nyekundu ya huku inaweza kuwa mahali pa nyeusi ya kule. Moshi haukutoka, ila tundu moja la USB lilikufa palepale. Alilibandika plasta ya jeraha na kuandika juu yake tarehe, ili asijidanganye tena.

Akachukua kipima umeme, akafuata kila waya mpaka mwisho wake, akaunga upya kwa usahihi. Bado kimya. Kwa siku tatu, kila mchana, alibonyeza kitufe na kutazama kioo cha kompyuta, alibonyeza na kutazama. Siku ya tatu Emérita, aliyekuwa amekaa pembeni, alimuuliza, "Papa Straton, asubuhi kwa fonie, Walikale iko nasema mbele ya kuitwa?"

"Hapana. Nitamukatia."

"Basi mbona weye uko nangojea hii kitu iseme ya kwanza?"

Mashahidi wanasema alicheka mpaka miwani ikaanguka ndani ya chai. Binti alikuwa amegusa penyewe. Maneti nyingi za zamani hazijitangazi. Mashine yake ya michezo ndiyo inayoiita, mara nyingi kila sekunde, ikiuliza: kitufe cha kwanza kimebonyezwa? Cha pili je? Maneti inajibu kwa mpangilio, kisha inanyamaza mpaka iitwe tena. Kompyuta ya leo haijui wito huo. Kwa hiyo kuunga waya peke yake ni sawa na kuwakalisha watu wawili wa lugha mbili kwenye benchi moja na kungoja mazungumzo. Anahitajika wa kati, naye ndiye adapta: kijisanduku kidogo chenye tundu la zamani upande mmoja na plagi ya USB upande mwingine. Ndani yake mna chipu inayoita maneti kwa namna ambayo maneti imeizoea, inapokea majibu, kisha inayapeleka kwa kompyuta kwa lugha ya kompyuta. Mtu aliyefanya kazi hiyohiyo kwa mdomo wake tangu 1988 alihitaji siku tatu kuitambua. Mwenyewe ndiye anayependa kuisimulia.

Papa Kasika aliagizwa adapta. Ya kwanza aliyoleta kutoka Goma haikuingia, kwa maana plagi za zamani zina maumbo mengi kama funguo. Papa Straton akaamua safari hii asitume maelezo, atume umbo lenyewe. Na kwa kuwa yuko Masisi, alichukua kipande cha jibini changa, akakandamiza plagi ndani yake, na ikabaki alama safi ya matundu yote. Alikifunga kwenye jani la mgomba, akampa Bienvenu, dereva wa lori la Papa Kasika, akifikishe Butembo. Hakumweleza ni nini.

Lori lilikwama kwenye matope kwa siku mbili, hata kabla ya kufika Sake. Siku ya nne simu ya Papa Straton ililia, na alikuwa Bienvenu. "Papa, aksanti mingi ya jibini. Chumvi yake ilikuwa muzuri kabisa. Lakini mbona mulitoboa-toboa?"

Umbo la pili lilikandamizwa kwenye sabuni ya kufulia, na juu ya karatasi yake paliandikwa kwa herufi kubwa: HAILIWI. Sabuni hiyo ilifika. Mama Kanyere, dada ya Papa Kasika mwenye duka Butembo, alitembea nayo duka kwa duka akipimisha kila adapta, huku wenye maduka wakimuuliza kama anakuja kununua au kufua. Kwenye duka la saba, kati ya bidhaa zilizotoka Kampala, moja ililingana. Ilifika Masisi Jumanne tarehe 19 Machi. Zilibaki siku nane.

Kati ya maneti kumi na nne, tatu tu zilikuwa na plagi ya umbo lile. Ya kwanza ilikuwa imekufa. Ya pili ilikubali, lakini kijiti chake cha kuelekezea kilikuwa kimelegea kwa miaka ya wachimbaji, na mshale wa kupimia kwenye kioo ulijiendea wenyewe upande wa kushoto kama mbuzi aliyeona maharagwe. Ya tatu ilitulia. Papa Straton alifungua mgongo wake, akakuta mpira wa chini ya vitufe umechakaa, akaubandika vipande vya karatasi ya fedha kutoka pakiti ya sigara ili umeme upite vizuri. Ni dawa ya zamani na inafanya kazi.

Kompyuta ikaona vitufe kumi. Hata hivyo programu ya kukatia sauti haikuvielewa, kwa sababu yenyewe inajua kibodi na kipanya tu. Kwa hiyo ukahitajika mkalimani wa pili, programu ndogo ya kuiambia kompyuta: kitufe hiki kihesabu kama herufi hii. Émile, fundi wa Goma, aliituma kwenye flashi. Kuhusu kazi ya kila kitufe, Papa Straton alikataa kuamua. Alimwachia Emérita, kwa kuwa gumba ni zake. Gumba la kushoto likapewa kurudi nyuma na kwenda mbele, la kulia kukata, kubandika na kufuta makosa. Alifanya mazoezi kwa hotuba za zamani za kamati, ambazo zilikuwa na mengi ya kukata.

Jumatano tarehe 27 Machi kamati iliketi studioni. Asubuhi hiyo watu kumi na mmoja walikuwa wamerekodi. Mmoja wao alikuwa bibi kizee aliyekuwa akiwatafuta wajukuu wawili upande wa Walikale, na alikohoa katikati ya kila jina. Emérita alikata kikohozi na kuacha pumzi. Papa Hilaire aliuliza kwa nini pumzi imebaki. "Wajukuu watamujua kwa ile, Papa Président." Saa tano na dakika arobaini tangazo la kumi na moja lilikuwa tayari.

Papa Hilaire akasema, "Yani hii njo kitu ya kucheza mpira?" Akaomba kuijaribu. Kwa gumba moja alifuta neno lake la ufunguzi la wiki nzima, lililokuwa limerekodiwa humo. Wajumbe wengine walimshauri Emérita asiharakishe kulirudisha. "Usiogope, Papa," Emérita alimwambia, na kwa kubonyeza mara moja likarudi. Matangazo yalitoka saa sita kamili.

Hapo wengi walidhani mambo yamekwisha. Papa Straton hakudhani hivyo. Kamati ilimruhusu Emérita aendelee, lakini kwa majaribio, mwezi kwa mwezi. Na Papa Straton alitakiwa kustaafu siku nne baadaye, tarehe 31 Machi 2013. Aliletewa karatasi ya kutia saini. Akaikunja na kuiweka mfukoni. Alieleza kwamba adapta ni moja, na kitu kimoja siku moja kitaharibika. Siku hiyo, ikiwa Emérita bado yuko kwenye majaribio na fundi amekwenda kupanda maharagwe, hakuna atakayesema adapta imekufa. Watasema mikono yake ndiyo iliyoshindwa.

Kamati ilimwandikia barua tatu. Alichora plagi nyuma ya zote tatu, maana karatasi ilikuwa haba. Katika miezi hiyo kumi na moja aliagiza adapta ya pili na ya tatu. Aliandika daftari linaloonyesha kila waya wa kila maneti, rangi yake na kazi yake, kwa Kiswahili ambacho mtu yeyote anaweza kukifuata. Alimfundisha Emérita kupima kwa kipima umeme kilicholazwa mezani, na kumwongoza fundi mpya, Pierre, mahali pa kulehemu. Mwezi Oktoba adapta ya kwanza ilikufa kweli, saa nne asubuhi. Papa Straton alikaa kwenye kiti chake, akafunga mikono, akatazama. Emérita alipima, akatamka jina la ugonjwa, Pierre akabadilisha, na saa sita bibi na babu na watoto wote walisikika hewani kama kawaida.

Jumatatu tarehe 17 mwezi huu Papa Hilaire alitia saini mkataba wa kudumu wa Emérita Uwamwezi, mhariri mkuu wa sauti. Papa Straton aliomba kuusoma. Aliusoma mara mbili, mara ya pili kwa kidole. Ndipo akatoa mfukoni karatasi yake ya kustaafu, imechakaa kwenye mikunjo, akaomba kalamu ileile kabla wino haujapoa, kama alivyosema mwenyewe.

Anarudi kwa Mama Consolée, kwa ng'ombe wanne na shamba ambalo amelilima kwa maneno tangu mwaka jana. Tunamshukuru kwa mashine za krimu, kwa mlingoti, kwa mtambo unaonuka maziwa, kwa subira yake ya kueleza jambo mara tatu bila kubadilisha sauti, na kwa kutotia saini wakati ambapo ingekuwa rahisi.

Wasomaji wataona kwamba kwenye karatasi hii ya sherehe saa imesahihishwa kwa kalamu: sherehe itaanza saa saba mchana, si saa sita. Ndiyo zawadi pekee aliyoomba. Saa sita Emérita ana kazi.

Aksanti, Papa Straton. Magoti yako yakutii kwenye kilima, mvua ije kwa wakati wake, na usingizi wa mchana usikatizwe na mtu yeyote.